Sura ya Saba: Gurudumu la Mtu wa Kilo Mia

Ukifika Busia au Malaba, mpakani kule ambako baiskeli zilibeba abiria kabla pikipiki hazijarithi jina la bodaboda, inama kando ya Phoenix au Hero ya zamani yenye keria ya chuma na uhesabu spoki. Gurudumu la mbele lina 32. La nyuma lina 40. Mpangilio huo ni wa Waingereza wa enzi za Raleigh, na viwanda vya China na India viliuchukua jinsi ulivyokuwa. Haukuhitaji shahada: mzigo mwingi unakaa nyuma, basi nyuma kuongezwe chuma. Kwa mpangilio huo watu wamebeba magunia ya mkaa, kreti za soda na wagonjwa wa kwenda zahanati, kwenye njia ambazo gari dogo lingegoma.

Sasa ingia duka la baiskeli za mbio uhesabu tena. Mbele 20, nyuma 24. Mara nyingine 18 kwa 20. Na mteja anayesimama pale na pesa mkononi mara nyingi si kijana wa kilo 60. Ni mtu mzima wa ofisini, ana miaka arobaini na kitu, ana kilo 98 au 112, na daktari amemwambia maneno ambayo hakuyapenda. Huyo ndiye ninayemwandikia sura hii. Ana haki ya kuendesha kitu chepesi kama mtu mwingine yeyote. Shida ni kwamba muuzaji atamwonyesha gramu, na gramu ndiyo namba ya mwisho inayomhusu. Mtu mzito ahesabu spoki kwanza, amtafute fundi pili, ndipo asome mizani. Yote yanayofuata ni kueleza kwa nini.

Tuanze na nani hasa anatengenezewa magurudumu yale ya duka. Tadej Pogačar, aliyechukua ubingwa wa dunia wa barabarani Kigali Septemba 2025, ana kilo 66 hivi. Siku ile walipanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Hata hivyo gari la timu lilikuwa nyuma na magurudumu ya akiba, na fundi wake hukagua kila spoki usiku. Kinachomfaa yeye kwa siku moja kinaweza kukutesa wewe kwa miaka mitatu. Wapo wanariadha wakubwa wa mwili pia, tusidanganyane. Magnus Bäckstedt wa Sweden alikuwa na zaidi ya kilo 90 aliposhinda Paris–Roubaix mwaka 2004, mbio za juu ya mawe yaliyopangwa ambayo yangeng'oa jino. Lakini huyo naye alikuwa na gari nyuma.

Ili ujue cha kununua, inabidi ujue gurudumu linasimamaje. Gurudumu la mkokoteni lina spoki za mti, na mzigo husimama juu ya ule mti ulio chini. Waya hauwezi kazi hiyo. Ukiusukuma kwa ncha unapinda. Waya unajua kuvuta tu. Mwingereza George Cayley aliliona hilo mwaka 1808 alipokuwa akihangaika na magurudumu mepesi ya mashine zake za kuruka, Eugène Meyer akalileta kwenye baiskeli jijini Paris mwaka 1869, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry akazilaza spoki kimshazari zikapishana, ili nguvu ya miguu ipite kutoka kwenye habu hadi kwenye ringi bila kuzikunja. Gurudumu unalopanda leo ni hilo la Starley. Kilichobadilika ni chuma na bei.

Kwa kuwa waya unavuta tu, kila spoki hukazwa kabla gurudumu halijabeba chochote. Upande wa cheni wa gurudumu la nyuma, waya mmoja wa milimita mbili unaweza kukazwa kwa nguvu ya kilo 110 au 120. Zikusanye zote, ringi inabanwa kuelekea katikati kwa nguvu ya tani kadhaa huku imetulia ukutani. Ukikaa kitini, wengi hudhani habu inaning'inia kwenye spoki za juu. Jobst Brandt, mhandisi wa California aliyekuwa mrefu na asiyeogopa milima ya Alps, alipiga hesabu hizo kwa kompyuta katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981. Matokeo yaliudhi watu na bado yanawaudhi: spoki za juu karibu hazibadiliki. Kinachotokea ni kwamba spoki chache zilizo chini, kati ya habu na lami, hupungukiwa mkazo. Gurudumu linasimama juu ya zile za chini kwa njia ya kuzilegeza.

Hapo ndipo kilo zako zinapoingia. Spoki ya chini ikiwa na mkazo wa kutosha, inapungua kidogo, inapita, inarudi. Ikiwa mkazo wake ni mdogo au mzigo ni mkubwa, inafika sifuri. Spoki iliyofika sifuri haishiki kitu. Kwa nukta ile ringi inajitegemea yenyewe, na nipeli, ambayo msuguano ndio ulikuwa ukiizuia isijifungue, inapata nafasi ya kuzunguka kidogo. Kesho inazunguka tena. Baada ya wiki kadhaa ringi inacheza kushoto na kulia, nawe unalaumu barabara.

Tupige hesabu. Una kilo 100. Baiskeli, maji, zana na simu ni kilo 10. Katika hizo 110, gurudumu la nyuma hubeba kama asilimia 60, yaani kilo 66, ukiwa umetulia kwenye lami nzuri. Ringi ya kawaida ya baiskeli ya mbio ina mzingo wa karibu mita mbili. Ukiwa na spoki 20, zimeachana karibu sentimita 10. Ukiwa na 32, zimeachana sentimita 6. Kwa hiyo mzigo ule ule unapobonyeza ringi, katika gurudumu la kwanza unawaangukia waya wawili, na katika la pili unagawanywa kwa watatu au wanne. Ongeza shimo la barabarani, ambalo huzidisha kilo 66 mara mbili au tatu kwa kufumba na kufumbua, uone waya wawili watafanya nini.

Gurudumu la nyuma lina ugonjwa wake mwingine wa kuzaliwa. Gia zimejaa upande wa kulia, kwa hiyo spoki za kulia hupanda karibu wima kutoka kwenye habu na za kushoto hulala zaidi. Ili ringi ikae katikati ya fremu, za kulia lazima zikazwe sana na za kushoto zibaki kama nusu au asilimia 60 ya mkazo ule. Kadiri watengenezaji walivyoongeza gia, kutoka 8 hadi 11 na 12, ndivyo upande wa kushoto ulivyozidi kuachwa. Hivyo basi, ukiweka kilo 115 kulia, kushoto unabaki na 60, na hizo 60 ndizo zinazofika sifuri kwanza. Breki za diski zimeleta hali kama hiyo kwenye gurudumu la mbele, kwa upande wa diski, ingawa kwa kiwango kidogo.

Sasa spoki inakatikaje? Watu huniambia, "Nilipita kwenye tuta, ikakatika." Tuta lilikuwa shahidi tu. Tairi la kawaida huzunguka kama mara 476 kwa kilomita moja, na kila mzunguko kila spoki hulegea na kukaza mara moja. Kwa kilomita 5,000 ni zaidi ya mara milioni mbili. Chuma huchoka. Ukipata spoki iliyokatika usiitupe. Ishike juani uitazame mwisho wake. Mara nyingi imekatika kwenye kona, pale inapopinda kuingia tundu la habu. Uso wa mpasuko una sehemu mbili. Moja ni laini, imefifia, na ukiwa na macho mazuri utaona mistari myembamba iliyopinda kufuata upande mmoja. Nyingine inakwaruza na kung'aa, mbichi kabisa. Ile laini ni ufa uliotembea polepole kwa miezi. Ile inayong'aa ni siku ya mwisho, waya uliobaki ulipokuwa mwembamba usiweze tena. Ukiona spoki mbili au tatu za namna hiyo ndani ya msimu mmoja, usiendelee kubadilisha moja moja. Zilizobaki nazo zina nyufa. Gurudumu zima lifumwe upya kwa spoki mpya.

Kutokana na hayo uchaguzi wa spoki unageuka kuwa kinyume na vile mtu angetarajia. Mteja mzito huomba waya mnene, milimita mbili mwanzo hadi mwisho, akidhani unene ni nguvu. Bora ni spoki iliyopunguzwa kiunoni: milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati. DT Swiss huiita Competition, Sapim huiita Race. Kiuno kile chembamba hunyumbuka zaidi kwa mkazo ule ule. Ringi inapobonyea chini, spoki iliyonyumbuka sana bado ina cha kurudisha kabla ya kufika sifuri, wakati ile nene na ngumu inaishiwa mapema. Na kona, mahali pa kuchokea, inabaki na unene wake. Kwa hiyo spoki nyepesi kidogo hudumu kuliko nzito. Ni moja ya sehemu chache katika baiskeli ambapo wepesi na uimara vinakwenda pamoja, na nashangaa wauzaji hawaitangazi.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, upande wa kushoto wa nyuma weka spoki za kiuno cha 1.5, ambazo hunyumbuka hata zaidi na kuwasaidia wale wanyonge wa upande ule. Upande wa kulia zibaki za 1.8, kwa sababu waya mwembamba mno hujisokota fundi anapoukaza na gurudumu huyumba pembeni unaposimama juu ya pedali. Na ukiwa na zaidi ya kilo 115, au unasafiri na mizigo, zipo spoki zenye kona nene zaidi, 1.8 kiunoni na 2.0 upande wa nipeli: Alpine III ya DT Swiss, yenye kona ya milimita 2.34, au Force ya Sapim, yenye 2.18. Hizo zimenenepeshwa mahali panapohitaji tu.

Idadi sasa. Mimi nasema 32 nyuma na 28 mbele kwa mtu wa kilo 90 hadi 110, na 36 nyuma kwa aliyezidi hapo, na sibishani sana. Spoki moja ya namna hii na nipeli yake ya shaba ni kama gramu 7. Kutoka 24 kwenda 32 unaongeza spoki nane, yaani gramu 56. Kitambulisho, funguo na kitambaa cha jasho mfukoni vina uzito kuliko hapo. Na spoki 32 zina faida nyingine: moja ikikatika kilomita 40 kutoka nyumbani, ringi inayumba kidogo, unalegeza breki, unarudi polepole. Moja ikikatika kati ya 20, ringi inapinda hadi inagusa fremu, na wewe unapiga simu kutafuta pikapu.

Zipo kampuni zinazotibu ugonjwa wa upande wa kushoto kwa ujanja. Fulcrum na Campagnolo huweka spoki mbili kulia kwa kila moja ya kushoto, ili zile chache za kushoto zikazwe vizuri. Ni ujanja mzuri kiuhandisi. Ila spoki zake ni za umbo la pekee, na ukikatikiwa Singida au Kitale hutampata mtu mwenye nayo. Hiyo peke yake inatosha kunielekeza kwenye spoki ya kawaida yenye kona, ya milimita mbili, ambayo fundi mzuri wa mjini anaweza kukukatia na kukutilia nyuzi kwa urefu unaotaka. Ujanja ninaoupenda zaidi ni ringi yenye matundu yaliyosogezwa milimita chache upande mmoja badala ya kukaa katikati. Inapandisha mkazo wa kushoto bila kubadilisha spoki, na fundi anaifunga kama nyingine zote.

Ringi yenyewe iwe ya aluminiamu, yenye gramu 450 hadi 550. Ringi ya gramu 380 muachie mtu wa kilo 60. Hapa gramu zina kazi ya kweli, kwa sababu ringi ngumu husambaza mzigo kwa spoki nyingi zaidi, na ringi laini humwangushia waya mmoja. Archetype ya H Plus Son ina kama gramu 470 na imewabeba watu wazito wengi. Belgium Plus ya HED ni pana zaidi na uzito wake hauko mbali na hapo. Sina hisa kwenye kampuni hizo. Nazitaja ili ujue bidhaa unayotafuta inafananaje, ukikuta nyingine ya umbo na uzito huo inafaa vilevile.

Habu isikuumize kichwa, ila usinunue ya bei ya chini kabisa. Mtu mzito anapopanda kilima kwa gia ndogo, miguu yake hutia nguvu kubwa kwenye friwili, na meno ya ndani ya habu za bei rahisi huliwa au kuteleza. Shimano ya daraja la 105 au Ultegra ina gololi na koni. Fundi yeyote mwenye grisi na spana nyembamba anaifungua, anaisafisha na kuirudisha. DT Swiss 350 hutumia beringi za kubadilisha na mfumo wa meno ya kukutana uso kwa uso ambao ni mgumu kuuvunja. Zote mbili ni sawa. Vijisehemu kama nipeli viwe vya shaba. Nipeli za aluminiamu zinaokoa gramu 40 kwa magurudumu yote mawili, halafu hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Dar inazila, na siku ya kunyoosha ringi zinavunjika kwenye ufunguo.

Basi tuziweke kwenye mizani. Ringi mbili gramu 940, habu mbili 420, spoki 60 kama gramu 340, nipeli zake gramu 60. Jumla inakaribia gramu 1,760. Magurudumu ya kaboni ambayo muuzaji anakusifia yana 1,350. Tofauti ni gramu 400, na bei inaweza kuzidi mara tatu. Ukiwa na jumla ya kilo 110, gramu 400 ni asilimia 0.36. Kwenye mlima unaokuchukua saa nzima, umepoteza sekunde 13. Najua atakayesema kwamba uzito unaozunguka huhesabiwa mara mbili. Ni kweli unapoongeza kasi, na kwa ringi tu. Ukishaufikia mwendo wako mlimani hauna tofauti na uzito wa chupa ya maji. Hata ukiuhesabu mara mbili saa nzima, haufiki sekunde 30. Spoki moja iliyokatika hula dakika 40, ukiwa na bahati.

Kaboni siikatai moja kwa moja. Ringi nzuri ya kaboni ni ngumu, na mwaka 2010 Fabian Cancellara alishinda Paris–Roubaix juu ya ringi za kaboni, jambo lililonyamazisha waliosema hazivumilii mawe. Kwa mwenye breki za diski na pesa zake, achukue yenye spoki 28 nyuma na asome kikomo cha uzito. Kwa mwenye breki za raba zinazobana ringi, jibu langu ni hapana. Chukua barabara ya Lushoto kushuka Mombo, kama mita 1,000 za wima katika kilomita 33 hivi za kona. Kilo 110 zikishuka kiasi hicho huachia nishati inayoweza kuchemsha lita tatu za maji kutoka baridi. Sehemu inachukuliwa na upepo; iliyobaki inaingia kwenye breki, na mtu mzito mwenye tahadhari, anayebana breki kona hadi kona, anaipeleka karibu yote kwenye ringi. Aluminiamu inapoa haraka. Kaboni inashika joto mahali pamoja, gundi yake inalainika, na ukuta wa ringi unafunguka huku tairi likiwa na upepo ndani.

Kuhusu kikomo cha uzito: kuna magurudumu yanayoandikwa kilo 110, mengine 120 au 130. Soma vizuri kama ni uzito wa mtu au wa mtu pamoja na baiskeli na kila kilichofungwa juu yake. Wengi huandika wa pili. Mtu wa kilo 102 anaweza kujiona yuko ndani ya 110 na kumbe ameshapita.

Tairi ndiyo sehemu ya gurudumu inayolipa haraka kuliko zote, na bei yake ni ndogo. Achana na milimita 23 na 25. Weka 28 kama fremu ina nafasi, na 32 kama nafasi ni kubwa zaidi. Kutoka 25 kwenda 28 kwa tairi la aina ile ile unaongeza gramu 20 hivi. Unachopata ni hewa zaidi kati ya shimo na ringi yako. Mtu wa kilo 100 kwenye 25 analazimika kujaza zaidi ya PSI 100, anatetemeka hadi meno, na bado tyubu inabanwa kwenye shimo na kutobolewa matundu mawili sambamba. Kwenye 28 atakwenda na 85 au 90, kwenye 32 na 70 hivi. Mtetemo unaopungua haukufiki wewe, na haufiki spoki.

Kuna jambo moja la hatari hapa. Ringi nyingi mpya hazina ule ukingo wa ndani uliopinda kushika tairi. Kuta zake zimenyooka. Kiwango chake cha juu cha upepo ni bar 5, yaani PSI 72. Kwa kijana mwepesi ni sawa kabisa. Wewe kwenye tairi la 28 unahitaji zaidi ya hapo, na kuzidisha ni kuomba tairi liruke kutoka kwenye ringi. Muulize muuzaji swali hilo kwa maneno mepesi: ringi hii ina ukingo wa kushika tairi au haina? Kama hajui, kapime ukutani kwa kidole, au kanunue kwingine.

Wengi wetu hata hivyo hatununui mpya. Kontena za mitumba zinazoshuka Dar na Mombasa zina baiskeli za mbio za Ulaya za miaka ya themanini na tisini, na nyingi zina magurudumu ya spoki 36 ambayo hakuna anayeyataka kwa sababu si mtindo. Kwa mtu mzito hiyo ni dhahabu, ikiwa utakagua. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa ringi panapobanwa na breki. Ukiingia kwenye bonde, ukuta umeliwa na siku moja utapasuka kwa upepo. Angalia kuzunguka matundu ya spoki kama kuna nyufa za nywele. Pima upana wa habu ya nyuma: za zamani ni milimita 126, zilizofuata 130, na za diski za leo 142. Fremu ya chuma unaweza kuipanua milimita nne. Ya aluminiamu au kaboni, usijaribu.

Nimechelewa kumfikia fundi, na ndiye nusu ya kazi. Vifaa bora vilivyofungwa kwa mkazo usiolingana vitakatika kabla ya vifaa vya wastani vilivyofungwa vizuri. Mtazame fundi anayejua. Kwanza anapaka mafuta nyuzi za spoki, ili nipeli izunguke bila kuusokota waya. Anakaza robo mzunguko kwa zamu, gurudumu zima, wala hakimbilii mahali palipopinda. Ringi ikishanyooka, wa kawaida huishia hapo na kudai hela. Mwenye kujua anaanza kupiga spoki moja moja kwa kucha na kusikiliza. Za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti moja. Inayotoa sauti nene imelegea hata kama ringi imenyooka, kwa sababu jirani yake inamfichia. Anarekebisha kwa sikio, kisha, kama anacho, anathibitisha kwa kipimo cha mkazo. Halafu anashika spoki mbili zinazokwenda sambamba, anazibana kwa kiganja kwa nguvu zote hadi uso unakunjamana, anahamia mbili nyingine, anazunguka gurudumu zima. Kubana huko hulaza kona za spoki vizuri kwenye habu na kuziondolea msongo uliobaki tangu zilipopindwa kiwandani, msongo ambao ndio huanzisha ufa. Baada ya hapo ringi huwa imeyumba tena kidogo. Anainyoosha upya, anabana tena. Gurudumu moja linaweza kumchukua saa mbili. Mlipe za saa mbili.

Rudi kwake baada ya wiki chache za kuendesha, wakati spoki zimeshakaa. Na siku unayochukua magurudumu, mwombe spoki za akiba: mbili za kulia nyuma, mbili za kushoto nyuma, moja ya mbele. Zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu na uandike juu ya utepe ipi ni ya wapi, maana ya kulia na ya kushoto hupishana milimita mbili tatu tu, na ukiwa barabarani jua linapozama huwezi kuzitofautisha kwa macho.